Mlinzi Uliyetuachia Kwenye Kona ya Kompyuta

Bariadi Mjini,
Simiyu.
Jumapili, 18 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Joakim,

Mwangaluka, kama barua hii imekufikia asubuhi. Kama umeipokea jioni ukitoka kazini, basi mwadila. Natumaini wewe, wifi yangu Harieth na mtoto wetu Joyness ni wazima huko Mtwara. Lile jino lililokuwa likimsumbua Joyness limeshang'oka? Na wifi, mgongo unamwachia kidogo? Mwambie asiinue ndoo kubwa peke yake; wewe upo, na mikono unayo.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba ni mzima. Goti lake la kushoto bado linatabiri mvua, na mwaka huu limetudanganya sana, maana mvua zimekatika mapema na mahindi yametuangusha. Dengu zinatia moyo, na pamba imeanza kupasuka. Shangazi Sayi wa Mwamapalala alilala hapa wiki iliyopita. Alikuulizia kabla hata hajaketi, akasema umesahau namba yake ya simu.

Najua utashangaa kuona barua ya mkono zama hizi. Lakini unajua hali ya simu yangu. Nikikupigia, baba akisikia tu jina lako ananyoosha kiganja, namkabidhi, na simu inarudi kwangu ikiwa ya moto na salio limekwisha. Ninayotaka kukueleza yanahitaji utulivu. Bahati nzuri Jenifer, yule muuguzi jirani yetu, amehamishiwa huko kwenu na anasafiri kesho. Yeye ndiye atakayekuletea bahasha hii.

Jambo lenyewe ni ile antivirusi uliyotuwekea Krismasi. Na kabla hujaguna na kumwambia wifi "dada ana wivu", nakuambia mwenyewe kwamba ndiyo, ninao. Soma ukijua hivyo, lakini soma mpaka mwisho.

Ulipokuja, ulikaa kwenye kiti changu pale kaunta ya steshenari, ukaifungua kompyuta ninayoifungua mimi kila asubuhi, ukacheka. "Dada, bado mnatumia hii iliyokuja na mashine? Hii si ya bure?" Baba alikuwa mlangoni na kikombe chake cha uji. Alilisikia hilo neno bure, akanigeukia. Niliona alivyonitazama, kana kwamba tangu mama atutoke nimekuwa nikimlindia duka kwa bua la mtama.

Hukuniuliza ninavyolinda. Ningekuambia kwamba hiyo ya bure naisasisha kila Jumatatu kabla ya kufungua mlango, na kwamba hakuna flashi inayofunguliwa mle bila kukaguliwa, hata iwe ya nani. Paroko mwenyewe alishawahi kusubiri na matangazo yake ya misa. Akaniambia, "Esteria, hata mimi unanishuku?" Nikamjibu, "Wewe sikushuku, Padri. Naishuku flashi, maana sijui ilikotembea." Alicheka, akakaa kwenye benchi akangoja kama wengine. Hizo zilikuwa taratibu zangu, na kwa taratibu hizo mashine ile haikuwahi kuugua.

Wewe uliweka yako, ukamwita baba, ukamwonyesha ile ngao ndogo ya kijani kwenye kona ya chini ya kioo. "Sasa mna walinzi wawili, mzee. Yule wa mashine na huyu wangu. Msiguse kitu." Kesho yake ukapanda basi.

Joakim, laiti ungeona yaliyofuata. Baba alichukua karatasi, akaandika kwa kalamu nene USIGUSE, MLINZI WA JOAKIM, akaibandika juu ya kioo cha kompyuta. Kila asubuhi akawa anapita na kitambaa kufuta vumbi kwenye ile kona tu. Kioo kizima nafuta mimi, kona anafuta yeye. Na wageni je! Mjomba Nyanda alitoka Kimali kuja kutoa kopi ya kibali cha kusafirisha ng'ombe. Kabla hajaitoa mfukoni alishikwa mkono akapelekwa nyuma ya kaunta.

"Unamwona huyo? Joakim amemweka. Halali usingizi."

Mjomba akainama, akatazama sana. "Mbona mdogo?"

"Mdogo, lakini ana meno."

Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeshika ile kopi ya kibali ikiwa bado ina joto la mashine. Hakuna aliyegeuka. Siku hiyo nilipofungua daftari langu la kumbukumbu niliandika tarehe, nikaandika hali ya hewa, nikalifunga.

Tangu hapo nikaanza kuichukia ile ngao. Nilikuwa nikichapa barua ya mteja, macho yanakwenda kwenye kona yenyewe. Baba akisifia chai nasikia kama ameniongezea, akisifia ngao nasikia kama amenipunguzia. Miaka yote niliyokaa hapa sikumsikia hata siku moja akimwambia mgeni, "Huyu ni Esteria, duka hili halijawahi kupoteza kazi ya mtu." Wewe ulikaa pale muda mfupi tu, chai yako haijapoa, ukapata karatasi ya kubandikwa.

Hata hivyo wivu haukunizuia kusoma. Wewe unajua mimi husoma kila kinachotokea kwenye kioo. Nilifungua ule ukurasa wa ulinzi wa mashine yenyewe, nikakuta umeandikwa kwamba ulinzi sasa unasimamiwa na programu nyingine. Yule wa mashine alikuwa amejizima. Sikumzima mimi, wala wewe hukumzima. Ndivyo alivyotengenezwa: akiona mwingine ameingia kushika kazi yake, anampisha, kwa sababu wawili wakikagua faili moja kwa wakati mmoja wanaligombania na kompyuta inakwama. Kwa hiyo ulipomwambia baba tuna walinzi wawili ulikosea. Tulikuwa naye mmoja, naye ni wa kwako.

Na kwa haki yake, alifanya kazi. Mwezi wa kwanza alikamata kirusi kwenye flashi ya bwana mmoja wa Nassa aliyekuja kuchapisha kadi za harusi. Nilimwambia baba, maana sikutaka kuficha. Alitembea mtaani siku nzima akiwasimulia watu.

Shida ni kwamba ulichotuwekea kilikuwa cha majaribio. Ulisema utalipia ukifika Mtwara. Nadhani kazi zilikumeza, sikulaumu kwa hilo. Muda ulipokwisha mwezi wa pili, ngao ikawa ya njano, kisha ikawa nyekundu, na maandishi yakaanza kujitokeza kila ninapowasha. Sasa sikia hili. Baba alipoiona nyekundu alifurahi! Alidhani mlinzi amekasirika.

"Ameona adui," alisema. "Mwache."

"Baba, hiyo nyekundu maana yake muda wake umekwisha. Hapokei tena habari za virusi vipya."

"Wewe huyu humpendi tangu alipofika."

Na ni kweli simpendi. Nilikuwa nasema jambo la haki, lakini baba alisikia wivu peke yake, na nisingeweza kumwambia haumo.

Kilichofuata kilitupata mwezi wa nne. Mwalimu Philomena, yule mgeni wa kutoka Bukoba anayefundisha kidato cha nne, alileta flashi yenye matokeo ya mitihani ya majaribio ya shule nzima. Niliikagua kama kawaida, lakini mkaguzi mwenyewe ndiye huyo wa kwako. Akasema ni safi. Nilichapa kurasa mbili, nikarudi kwenye flashi, nikakuta mafaili yote yamegeuka vile vijifaili vyenye mshale, ukivifungua hakuna kitu. Na kwenye kompyuta yetu kazi za wateja nazo zilikuwa zimeanza kugeuka vilevile. Siwezi kujua kama kirusi kilikuja na ile flashi au kilikuwa kimeshaingia kwetu siku za nyuma bila mtu kukiona. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mafaili yalikuwa hayajafutwa, yalikuwa yamefichwa. Nilikaa nayo mpaka nikayatoa moja moja, na Mwalimu hakupoteza alama ya mwanafunzi hata mmoja. Lakini aliondoka akiwa ameweka flashi kwenye mfuko wa nailoni kama mtu aliyebeba panya. Mlangoni aligeuka akaniambia taratibu, "Esteria, nilikuwa nawaambia wenzangu waje kwako kwa sababu una masharti." Wenzake hawajaja tena. Wanakwenda kwa Abdulrazak ng'ambo ya barabara. Naye Abdulrazak si mtu mbaya, akizidiwa na foleni huwaleta kwangu wale wa kopi, ila hakosi neno. "Dada Esteria, mlinzi wenu amesharudi kutoka likizo?"

Baada ya hapo nilikaa na baba mchana, wateja wakiwa hawapo. Niliona nikimweleza kwa lugha ya kompyuta hatanielewa, nikakumbuka lugha yake. Unakumbuka tulipokuwa wadogo Mwamapalala, alipokuwa kamanda wa sungusungu? Unakumbuka ile filimbi aliyoivaa shingoni hata kanisani?

Nikamwambia, "Baba, yule wa mashine alipomwona mtu wa Joakim amefika, alimwachia zamu akaenda kulala. Na mtu wa Joakim sasa amesimama pale na filimbi isiyolia. Kwa kuwa bado amesimama, yule wa kwanza anadhani zamu ina mtu. Haamki."

Baba aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo lindo liko wazi?"

"Liko wazi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na wewe umekaa tu unatazama?"

Nilimwonyesha karatasi yake juu ya kioo. Aliisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine, kisha akaguna.

Nikadhani yamekwisha, nikashika kipanya nianze kumwondoa. Akanizuia mkono. "Hapana, mayu, mama yangu. Nilipokuwa kamanda, mtu niliyempanga mimi alitolewa na mimi. Akisinzia walimwamsha, lakini hawakumtoa. Kumtoa mtu wa kamanda mwenzako ni kumvua nguo mbele za watu. Aliyempanga huyu ni Joakim. Aseme yeye."

"Basi tumpigie."

"Tumpigie tumwambie mtu wake amesinzia? Ana kazi nyingi yule, na ataona aibu. Tutamlipia wenyewe, aamke."

Na pesa ya kumlipia amekwisha kuamua itakapotoka. Mwisho wa mwezi anapeleka mnadani mbuzi wangu mweusi, yule niliyemlea kwa chupa mama yake alipokufa na kuwaacha watoto. Kwa hiyo elewa nilipofika, Joakim. Mlinzi wako alikaa kwenye zamu yangu, akachukua sifa, akasinzia, wateja wangu wakaondoka, na sasa anataka na mbuzi.

Ningeweza kumfuta bila kumwambia mtu. Nywila ninayo, na kazi yenyewe ni ndogo. Nimekaa mbele ya kile kioo nikafika mpaka pale kinapouliza kama nina hakika, nikarudi nyuma. Nikimfuta kwa siri nitakuwa nimefanya hasa kile ambacho baba ananishuku nacho, na kila akipita na kitambaa chake asubuhi ataiona kona tupu na kunitazama. Siwezi kuishi hivyo na mzee wangu. Kwa sasa nimeitenga kompyuta na intaneti, flashi za wateja nazikataa, nafanya kopi na kuuza kalamu. Kwa kopi na kalamu duka hili halitafika Desemba.

Ombi langu ni hili, na naomba ulifanye kama nitakavyoliandika. Barua ikikufikia, mpigie baba. Mpigie yeye, si mimi. Msalimie vizuri, muulize goti. Kisha mwambie kwamba mtu wako amemaliza zamu, umemtoa, na lindo unamkabidhi dada. Useme kwa sauti ya kazi, usicheke. Usimweleze mambo ya leseni na muda, hayo atayasikia kama visingizio. Akisikia kamanda amemtoa mtu wake ataridhika, na mbele ya macho yake nitamwondoa, nitazima mashine na kuiwasha. Yule wa mashine ataamka mwenyewe. Nitamsasisha na kukagua kila kitu, hata ichukue siku nzima, na Jumatatu yake nitamfuata Mwalimu Philomena shuleni kwa miguu yangu.

Sikukatazi kulipia antivirusi siku nyingine ukitaka. Abdulrazak analipia yake kila mwaka na imemtunza. Ninachosema ni kwamba anayeshika zamu awe mmoja, awe macho, na aliye karibu naye awe na ruhusa ya kumgusa. Na kama ulimi wako utakubali, mwambie baba kwamba hata kabla yako mashine ilikuwa inalindwa. Sentensi moja inatosha.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini nilipokuwa natafuta bahasha, baba ametoka ndani na redio yake, ameniona na kalamu.

"Unamwandikia Joakim?"

"Ndiyo, baba."

"Umemsema?"

"Kidogo."

"Msichana huyu!" Amecheka, akavuta kigoda akakaa. Basi nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimepanga kumuuliza. "Baba, ile ngao unamwonyesha kila anayeingia. Mimi niko pale pale siku zote, mbona hujawahi kunionyesha kwa mtu?"

Amezungusha kitufe cha redio bila kutafuta stesheni.

"Wewe nakuona, mayu. Ukikohoa nasikia. Ukinuna najua kabla hujajua mwenyewe. Yule kijana tangu aondoke nimemwona sikukuu tu, na sikukuu nyingine haji. Pale kwenye kona ndipo alipobaki. Nikimwonyesha mtu, nami napata kumtaja."

Kisha akapandisha sauti ya redio, kwaya ikaimba, mazungumzo yakaisha.

Sitakudanganya kwamba wivu umenitoka. Haujatoka. Umehama tu. Mwanzoni nilikuwa nikiionea wivu ngao, sasa naonea wivu umbali wako, maana kumbe ukikaa mbali baba anakutafuta mpaka kwenye kona ya kioo, na mimi niliyebaki hanitafuti kwa kuwa nipo. Hilo nimeliandika bila hasira. Nimelisoma tena na sikulifuta.

Kwa hiyo siwezi kuing'oa ile ngao na kumwachia mzee kona tupu. Tuma picha yako. Si ile ya ufukweni umevaa miwani myeusi, baba alisema huyo hamjui. Piga nyingine, uso wote, umetazama mbele. Nitaiweka kwenye kioo, kona ile ile, aifute vumbi anavyotaka. Nitakuwa nakuona kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Nimeshajiandaa.

Msalimie sana wifi Harieth, mwambie dengu zikivunwa nitamtumia. Mbusu Joyness kwenye pengo la jino. Shangazi Sayi anakusalimu huku amenuna, Mjomba Nyanda anakusalimu na kuuliza kama mlinzi amekua. Dada yetu Minza wa Nassa anasema dagaa wapo, anayekosekana ni mlaji. Jenifer mpokeeni vizuri, hana ndugu huko, mwonyesheni soko na kanisa.

Mwenyezi Mungu awafunike ninyi watatu kwa ulinzi wake, ambao hauna majaribio wala haukatiki katikati ya mwaka. Na akujalie nauli ya Desemba, uje baba akuone mzima, asikutazame kwenye kona. Ukija, benchi la wateja lipo, nitakufutia vumbi ukae. Kile kiti cha kaunta ni changu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikuonea wivu,

Esteria Mayige

Baada ya kusaini: mbuzi mweusi amelala mlangoni hapa ninapoandika, anatafuna kipande cha karatasi niliyoharibu. Tafadhali piga kabla ya mnada wa mwisho wa mwezi.